Punguza jua kwanza: kisa cha taa katika nyumba ya matofali, Lubumbashi

Mama mwenye nyumba aliniita nimwongezee taa. Alikuwa amegeuza nyumba ya wakwe zake kuwa nyumba ya sanaa, picha zilikuwa zimekwisha kutundikwa, na wageni wa kwanza walikuwa wameondoka wakilalamika kwamba ndani hamwonekani kitu. Nilifika saa kumi jioni, mwezi wa saba, katikati ya kiangazi. Kabla ya kugusa taa hata moja niliomba ruhusa nishushe picha moja ndogo ya karatasi iliyokuwa kwenye ukuta wa mashariki, nikaifungua fremu. Ukingo uliofunikwa na kartoni ya fremu ulikuwa na kijani cha majani mabichi na wekundu wa pilipili iliyoiva. Katikati, palipokuwa wazi tangu enzi za baba mkwe, kijani kilikuwa kijivu na wekundu ulikuwa umebaki kama chai ya maziwa. Mpaka kati ya pande hizo mbili ulinyooka kana kwamba umepigwa kwa rula.

Mama aliitazama kwa muda mrefu. "Ilikuwa hivi?" akauliza, kidole chake kikiwa juu ya ukingo.

Ilikuwa hivyo. Na kilichoifanya iwe vingine kilikuwa kinaendelea nyuma ya mgongo wetu wakati tunazungumza: jua la magharibi lilikuwa limepita madirishani na kulala juu ya ukuta ule. Nilitoa kipima-mwanga, nikakiweka mahali picha ilipokuwa imetundikwa. Luksi, yaani kipimo cha mwanga unaoangukia kitu, zilikuwa 2,400.

Nitaeleza tulichofanya, kwa sababu nyumba kama hii ziko nyingi mjini kwetu na watu wengi wanataka kuzitumia kwa sanaa. Mji ulianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipofika, na nyumba za vizazi vya kwanza zina umbo linalofanana: matofali mekundu ya kuchoma, dari ya mbao iliyo juu sana, paa la mabati, barza pana mbele. Tangu mwaka 2008, wasanii wa kikundi kiitwacho Picha walipoanza mikutano yao ya picha na video iliyokuja kuwa bienale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, tumezoea kuona sanaa ikiingia katika majengo ambayo hayakujengwa kwa ajili yake. Hilo ni jambo jema sana. Lakini nyumba ya kuishi ilijengwa ili jua liingie, na karatasi haiwezi kuishi na jua.

Kilichokuwamo

Vyumba vitatu na korido. Chumba cha mbele, ambacho mlango wake unafunguka moja kwa moja kwenye barza, kilikuwa na kazi za karatasi. Hizo ndizo fahari ya familia: rangi ya guashi (rangi nzito ya maji), kwa mtindo wa ile karakana ya uchoraji iliyoitwa Hangar, ambayo Mfaransa Pierre Romain-Desfossés aliianzisha hapa mwaka 1946. Anayewajua wachoraji wa Hangar anajua wanavyotofautiana: Bela aliweka rangi kwa ncha za vidole, Mwenze Kibwanga alijaza karatasi kwa mistari mifupimifupi iliyobanana, Pilipili Mulongoy alichora samaki, ndege na majani kana kwamba hakuna nafasi tupu duniani. Uchoraji wa namna hiyo unaishi kwa tofauti ndogo za rangi. Zikififia, kinachobaki ni mchoro wa mapambo.

Chumba cha pili kilikuwa na michoro ya watu wa mji, ile iliyotundikwa sebuleni mwa wafanyakazi wa migodi na reli: mamba muntu, yaani mwanamke-samaki, na nyoka wake, bendera ya koloni na mfungwa anayechapwa fimbo. Imechorwa kwenye turubai ya magunia ya unga, kwa akriliki na rangi za nyumba. Cha tatu, upande wa nyuma, kilikuwa na misalaba ya shaba ya zamani na vipande vya malakite, jiwe la kijani lenye shaba.

Fundi aliyetutangulia alikuwa amefunga taa 24 za halojeni za wati 50. Alikata mifereji ndani ya matofali ili afiche waya, kisha akaiziba kwa saruji ya kijivu. Makovu yale bado yako na yatabaki: tofali lililokatwa halirudi. Taa zenyewe zilielekezwa chumbani, kwa hiyo mgeni aliyeinua macho kutazama picha alikutana na ampuli (balbu) yenyewe.

Nilimwambia Mama kwamba nyumba yake haina upungufu wa mwanga, ina mwanga mwingi mahali pabaya. Hakukubali. Alinijibu kwa Kiswahili cha hapa, ambacho ndani yake kuuza ni kununua: "Mutoto yangu, batu habawezi kuuza giza." Alikuwa na haki. Nyumba ya sanaa isiyouza inafungwa, na ikifungwa karatasi zile zinarudi sebuleni, mbele ya dirisha lilelile. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa moja: mgeni aone vizuri kwa mwanga mdogo.

Hesabu ya mwanga

Mwanga unaharibu kwa kujumlisha. Luksi 50 kwa saa kumi na luksi 500 kwa saa moja, kwa rangi, ni mzigo uleule. Ndiyo maana wahifadhi hawaulizi tu mwanga ni mkali kiasi gani. Wanauliza kwa mwaka mzima picha imekula kiasi gani. Mwongozo wa tume ya kimataifa ya taa wa mwaka 2004 unagawa vitu kwa udhaifu wao. Guashi, rangi za maji, vitambaa vilivyotiwa rangi: luksi 50, na jumla isizidi luksi-saa 150,000 kwa mwaka. Rangi za mafuta na vitu vya mbao: luksi 200, jumla 600,000. Vitu dhaifu kabisa, kama karatasi ya gazeti na wino unaofifia haraka: luksi 50 pia, lakini jumla ni 15,000 tu. Jiwe na chuma havina kikomo cha namna hiyo.

Nilikaa na Mama mezani tukafanya hesabu kwa kalamu, kwa sababu niliona hesabu ingemshawishi kuliko maneno yangu. Nyumba yake inafungua saa nane kwa siku, siku kama 300 kwa mwaka: saa 2,400. Kwa luksi 50 hiyo ni 120,000. Guashi inakaa ndani ya posho yake. Sasa jua la jioni: luksi 2,400, tuseme kwa saa mbili tu kila siku, ni 4,800 kwa siku. Gawanya 150,000 kwa hiyo. Siku 31. Posho ya mwaka mzima ililiwa kwa mwezi mmoja wa kiangazi, kabla ya kuhesabu taa yoyote, na kabla ya kuhesabu miale ya urujuanimno ambayo kioo cha kawaida cha dirisha huzuia sehemu yake tu.

Kulikuwa na michoro miwili ya kalamu ya wino wa rangi, ya mchoraji mzee ambaye bado yuko hai na ambaye nitamrudia. Kwa posho ya 15,000 na luksi 50, hiyo ni saa 300: siku 37 za kufungua, kisha sandukuni mpaka mwaka ujao. Mama alikubali hilo kwa urahisi kuliko nilivyotarajia. Alisema hata nguo ya sikukuu haivaliwi kila siku.

Jicho linalotoka barzani

Nje, jua la mchana la Katanga linafika luksi 100,000. Mgeni anavuka barza, anafungua mlango, na hatua mbili mbele yake kuna karatasi. Hapo kipima-mwanga kilinionyesha luksi 210 za halojeni mchana, mara nne ya kinachoruhusiwa, na bado watu walisema ni giza. Walisema kweli. Jicho linalinganisha, lililotoka juani linahitaji dakika kadhaa kabla halijaona kitu katika mwanga hafifu. Hata ningeweka luksi 1,000 lile lalamiko lingebaki, na karatasi zingekufa.

Suluhisho halikugharimu hata faranga moja: tulihamisha vyumba. Shaba na malakite vikaja mbele, mlangoni, ambako mwanga mwingi hauviumizi na unavipendeza. Michoro ya magunia ikabaki katikati. Karatasi zikaenda nyuma, chumba chenye dirisha moja dogo linalotazama kusini. Korido kati ya chumba cha pili na cha tatu tuliiacha tupu, ukuta tukaupaka rangi ya udongo uliokolea, na tukaweka benchi na maelezo ya historia ya Hangar kwa herufi kubwa. Mtu anasoma pale dakika mbili tatu. Anapoingia chumba cha karatasi, jicho lake limekwisha kutulia.

Kuta za nyuma zilikuwa nyeupe, tukazipaka kijivu chenye joto. Ukuta mweupe unaozunguka karatasi yenye luksi 50 unashindana nayo na kuifanya ionekane chafu. Na hakuna taa inayomulika sakafu wala dari mle ndani. Kitu chenye mwanga kuliko vyote ni picha, basi jicho linaenda pale lenyewe.

Madirisha

Hapa napenda kuwasifu waliojenga. Mji wetu uko kama nyuzi 11.7 kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita jua la mchana liko upande wa kaskazini, nyuzi 55 hivi juu ya upeo. Barza ya nyumba hii inatazama kaskazini, ina kina cha mita mbili na nusu, na jua la pembe ile haliwezi kufika dirishani hata kidogo. Walilijua jua. Upande wa magharibi ndio hauna barza, na jua la jioni linakuja chini, linapita chini ya kila paa.

Kwa nje hatukugusa kitu, kwa sababu uso wa nyumba ni wa mtaa mzima. Vipande vya mbao vya dirishani, vile vya kukunja, tulivikarabati na kuvifunga upande wa magharibi. Kwa ndani seremala alitengeneza fremu nyepesi zinazokaa ndani ya dirisha bila msumari, zimebanwa kwa kabari, zimewambwa kitambaa cheupe cha pamba tabaka mbili. Ukizitoa leo, dirisha liko kama lilivyokuwa. Kipima-mwanga katika chumba cha mbele, saa kumi jioni, kikashuka hadi 160, mwanga laini usio na kivuli kikali. Shaba inaupenda mwanga huo. Msalaba wa shaba chini ya ampuli peke yake unang'aa nukta moja na pengine pote ni weusi. Chini ya kitambaa kipana unaonyesha mgongo wake wote, alama za kalibu na kila kitu.

Dirisha moja la barzani tuliliacha wazi kabisa, dhidi ya ushauri wa rafiki yangu aliyetaka tuzibe yote. Linatazama mjakaranda wa barabarani. Mgeni anayezunguka nyumba ya zamani ya Lubumbashi bila kuona mjakaranda hata mara moja angeweza kuwa popote, na nyumba hii nayo ni kitu cha kutazamwa.

Kufunga bila kujeruhi

Hatukutoboa tofali hata moja. Palipohitaji skrubu tuliiweka kwenye saruji kati ya matofali, ambayo inaweza kujazwa tena; dari ya mbao hatukuigusa. Reli za taa zinaning'inia kwenye nguzo nyembamba za mbao zinazosimama sakafuni kwa uzito wao. Ndani ya kuta tulikuta mabomba ya chuma ya umeme wa zamani, waya zake zikiwa na ngozi ya mpira iliyokauka na kuvunjika mkononi kama biskuti. Tulizivuta zote nje, tukapitisha mpya katika mabomba yaleyale. Mifereji ya yule fundi haikuhitajika tangu mwanzo.

Vifaa vya kulisha taa hatukuviweka juu ya dari. Chini ya mabati mchana pana joto la tanuri, na vifaa vile hufa mapema kwa joto. Viko koridoni, ndani ya kabati lenye matundu.

Sasa pembe, ambayo ilituletea mabishano mazuri kuliko yote. Kanuni ya kawaida ni taa imulike picha kwa nyuzi 30 kutoka wima. Reli yetu iko mita 3.40, katikati ya picha ni mita 1.55, kwa hiyo reli inapaswa kuwa mita 1.07 kutoka ukutani. Tulifunga hivyo chumba cha pili. Kisha akaja yule mzee mchoraji, ambaye michoro yake minne iko mle. Alisimama mbele ya mmoja, akainama. "Papa fundi," akaniambia, "umenifunga mdomo."

Sikuelewa mpaka nilipoinama naye. Michoro ya namna hii ina maneno: majina ya watu, mwaka, kilichotokea, mara nyingi kwenye kingo. Fremu nene zilikuwa zinatupa kivuli juu ya maandishi ya ukingo wa juu. Kwangu ulikuwa mchoro wenye maandishi. Kwake maandishi ndiyo ushahidi na mchoro ndio sauti yake. Tulisogeza reli hadi mita 1.30, nyuzi 35. Kivuli kikafupika, maneno yakatoka. Rangi za nyumba zinang'aa, nikaogopa kwamba ung'avu ungerudi machoni mwa watazamaji, lakini kwa urefu ule ung'avu unaangukia sehemu ya ukuta iliyo juu ya mita 2.20, na hakuna mchoro unaofika huko. Chumba hicho kina luksi 150, chini ya kikomo cha 200, kwa kuwa rangi zile ni za namna nyingi na magunia yenyewe ni dhaifu.

Ampuli gani

Sokoni kuna ampuli za LED za bei ya chini zenye mwanga mwingi. Nilimwonyesha Mama jaribio linalofanyika kwa dakika moja: weka nyanya mbivu na mkono wako chini ya ampuli mbili, moja ya bei ya chini na moja ambayo alama yake ya uaminifu wa rangi (CRI, kati ya 100) ni zaidi ya 90. Chini ya ile ya kwanza nyanya inakuwa kahawia na mkono unakuwa wa mgonjwa. Zile ampuli ni maskini wa wekundu. Sasa fikiria kuta za matofali mekundu, na michoro iliyojaa watu wenye ngozi kama zetu. Tulichukua za alama ya juu, kelvini 3,000 (mwanga wa rangi ya joto), wati 7. Zilikuwa na nguvu mno kwa karatasi hata hivyo. Mbele ya kila moja tuliweka wavu mwembamba wa chuma, tabaka moja au mbili, mpaka kipima-mwanga kiseme 50.

Umeme unaokatika

Halojeni 24 zilikula wati 1,200. Sasa taa 24 zinakula 168, na kwa saa nane ni wati-saa 1,344. Tofauti hiyo ndiyo iliyotuwezesha kuepuka kelele ya jenereta wakati wa delestaji, yaani umeme unapokatwa kwa zamu. Betri mbili za volti 12, ampea-saa 200, zimeunganishwa kupata volti 24. Ukitumia nusu tu ya uwezo wake, kama betri za risasi zinavyotaka, una wati-saa 2,400. Paneli mbili za wati 300 ziko juu ya paa la nyumba ndogo nyuma ya lupango (kiwanja cha nyumba), hazionekani barabarani.

Taa zinalishwa volti 24 moja kwa moja kutoka kwenye betri, bila inverta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama ule wa nyumbani. Inverta za bei ya chini hutoa umeme wenye makali, taa hutetemeka, na mgeni anayepiga picha kwa simu anapata mistari myeusi. Lakini volti chache zinataka waya nene. Kwa mita 20 na ampea 7, waya wa milimita mraba 1.5 ungepoteza zaidi ya volti 3 njiani, na taa za mwisho zingefifia. Wa milimita mraba 6 unapoteza chini ya volti moja. Waya ule ulikula fungu kubwa la bajeti. Tuko mji wa shaba na shaba bado tunainunua kwa uchungu.

Chumba cha karatasi kina kihisi mwendo: asipokuwepo mtu, taa zinazimika. Saa 2,400 zinapungua sana, na betri inapumzika. Tatizo moja hatujalimaliza. Wageni wazee wanahitaji mwanga zaidi kuliko vijana, na kwa luksi 50 baadhi yao hawaoni mistari midogo. Tumeongeza ukubwa wa maelezo na kuweka viti karibu na picha, lakini sijaridhika. Vumbi jekundu la kiangazi nalo linarudi kila wiki, na taa isiyofutwa inapoteza mwanga wake kimyakimya.

Siku ya kufunga kazi niliacha kadi mbili za kitambaa cha buluu, zile za kupimia mwanga unavyofifisha rangi, zenye vipande vinane, cha kwanza kikiwa dhaifu kuliko vyote na kila kinachofuata kikivumilia takriban mara mbili. Nusu ya kila kadi niliifunika kwa karatasi ya alumini. Moja nilitundika kati ya karatasi, nyingine dirishani mwa stoo ya magharibi, ambako hatukufunga kitambaa. Baada ya mwaka tulizifungua pamoja, Mama na mimi. Ya chumba cha karatasi haikuonyesha mpaka wowote, hata kwenye kipande cha kwanza. Ya stoo ilikuwa imefifia vipande vitatu.

Mama aliishika ile ya stoo, akaigeuzageuza. Kisha akatoka barzani, akapanda kiti, akashusha picha ya harusi yake iliyokuwa imetundikwa juu ya mlango miaka yote. Aliifuta vumbi kwa ukingo wa kitenge, akaniletea.

"Na huyu," akauliza akimwonyesha marehemu mumewe, "tutamuweka wapi?"